Studio za picha hazihitaji programu za kukrakiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenzangu wenye studio ndogo, zile za pasipoti, mahafali na harusi za mtaani. Kompyuta nyingi humo zinatumia Photoshop iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kinga yake ili itumike bila kulipiwa, iliyotoka kwa fundi au kwenye flashi ya rafiki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakataza, na hata tukiiweka sheria pembeni, hasara iko palepale. Kraki nyingi hukutaka uzime antivirusi kwanza. Virusi vya jamii ya STOP, vinavyofunga mafaili yako yote na kudai malipo ndipo viyafungue, husambaa sana kwa njia hiyohiyo. Na harusi ya mteja hairudiwi.

Kazi za studio ya kawaida zinafanyika kwa programu huria. darktable ni ya kuandaa picha ghafi, yaani RAW, ile ambayo kamera haijaibana kuwa JPEG. GIMP ni ya kurekebisha sura, kubadili mandhari na kuweka maandishi. DigiKam ni ya kupanga maelfu ya picha zisipotee. Zote zimetolewa kwa leseni ya GPL, kwa hiyo ukishapakua mara moja una haki ya kuzinakili na kumpa jirani yako wa studio ya pili. Kwa mtu anayehesabu bando, hilo si dogo. Zichukue kwenye tovuti zao wenyewe, gimp.org, darktable.org na digikam.org, maana kuna tovuti za kughushi zinazojitangaza kwa majina hayohayo.

Malalamiko ninayoyasikia zaidi ni kwamba GIMP haitoi sura nzuri. Mara nyingi tatizo limeanzia kwenye kamera. Kipima mwanga hukadiria kana kwamba kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Ukimsimamisha mteja mwenye ngozi nyeusi mbele ya kitambaa cheupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama gizani. Ongeza mwanga hatua moja, yaani +1, kabla hujapiga.

Kama picha imeshapigwa, fungua menyu ya "Colors" kisha "Levels". Chini ya grafu kuna vipembetatu vitatu. Sukuma cha katikati kuelekea kushoto mpaka namba yake isome kati ya 1.20 na 1.30, uso utafunguka. Cha kulia kiache kwanza. Ukikivuta kushoto, paji la uso na ncha ya pua hugeuka madoa meupe matupu, na ukishahifadhi hivyo hakuna cha kurudisha. Picha ya JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, ndiyo maana ukiifungua sana giza lake huanza kuonyesha vibokisi. Picha ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Kwa harusi ya usiku, piga RAW na uanze na darktable. Yenyewe haiigusi picha ya asili kabisa. Hatua zako zinaandikwa kwenye faili dogo la .xmp kando yake. Ukihamisha picha kwenda diski nyingine bila hilo faili, marekebisho yako hayatafuatana nayo. Kompyuta iwe na RAM ya gigabaiti 8 kama inawezekana, vinginevyo utasubiri sana.

Rangi nayo ina mtego wake. Ndani ya "Levels" kuna kidonezi cha kuchagua kijivu, na wengi hukibonyeza kwenye shati jeupe la mteja. Shati hilo likiwa limefuliwa na buluu, programu inaona ubuluu, inauondoa kwenye picha nzima, na mteja anatoka na uso wa manjano kama mgonjwa. Weka karatasi ya kijivu kwenye picha ya kwanza ya kila kikao, ubonyeze hapo.

Picha za pasipoti za milimita 35 kwa 45 zinahitaji pikseli 413 kwa 531 ukisafisha kwa pikseli 300 kwa inchi. Tengeneza karatasi ya pikseli 1800 kwa 1200, ambayo ni inchi 6 kwa 4, na zinaingia nane: nne kwa upana, mbili kwenda chini, na nafasi ya kukatia inabaki. Zikitoka kubwa kuliko kipimo, angalia mipangilio ya printa. Ule mtindo wa kuchapa bila kingo hutanua picha kidogo ili wino ufike ukingoni, na milimita mbili tu zinatosha mteja kurudishwa dirishani. Uzime, uchape kwa asilimia 100.

Kupunguza picha 600 za mahafali moja moja ni kujitesa. ImageMagick, programu huria inayoendeshwa kwa kuandika amri, inazimaliza zote kwa mstari mmoja:

magick mogrify -path ndogo -resize 2048x2048 -quality 88 *.jpg

Folda ya "ndogo" uwe umeitengeneza kabla. Ukisahau hilo neno -path, amri inaandika juu ya picha zako za asili, na hakuna kitufe cha kuzirudisha.

Kisha mteja anataka atumiwe kwa WhatsApp. Ukituma kama picha, inapunguzwa na kubanwa. Akiisafisha ukubwa wa A4 anakuja kukulaumu wewe. Tuma kama dokyumenti. Lakini dokyumenti inakwenda na kila kitu, pamoja na mahali ilipopigwa kama ilitoka kwenye simu yenye GPS. Picha za watoto nyumbani kwao zisitoke hivyo. ExifTool, nayo ni programu ya kuandikia amri, inaondoa alama hiyo:

exiftool -gps:all= picha.jpg

Usiandike -all= peke yake, kwa sababu inafuta pia maelezo ya rangi, na picha huweza kubadilika ikifunguliwa kwingine.

Kuna mahali GIMP haifiki. Haihariri moja kwa moja katika rangi za CMYK, yaani mpangilio wa wino nne za uchapaji, zinazotakiwa na baadhi ya viwanda vya uchapaji. Kwa kazi hiyo kuna Krita, nayo ni ya bure. Mafaili ya PSD, yale ya Photoshop, hufunguka kwenye GIMP, ila maandishi yake mara nyingi huja kama picha, hayahaririki tena. Mwenye kazi nyingi za zamani asiifute programu yake siku moja. Ahamie kwa kazi mpya kwanza.

Nanyi Mhariri, mngeandika chini ya tangazo lenu la kupokea picha za wasomaji kwamba zitumwe kama dokyumenti, zikiwa na upande mrefu usiopungua pikseli 2000.

Msomaji wenu,
Mpiga picha, Tanga