Pakiti ya maji ya chumvichumvi isikorogwe kikombeni

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita nilimkuta jirani yangu akimhudumia mtoto wake aliyekuwa akiharisha. Alikuwa amemimina pakiti nzima ya chumvichumvi katika kikombe cha robo lita, akimnywesha kijiko kwa kijiko, kwa imani kwamba dawa ikikolea ndipo inapofanya kazi upesi.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na kila mwaka nafundisha osmosisi, yaani jinsi maji yanavyopenya utando wa seli kutoka upande wenye chumvi au sukari kidogo kwenda upande wenye nyingi. Wanafunzi hutumbukiza kipande cha kiazi katika maji matupu na kingine katika maji ya chumvi kali. Baada ya saa moja hivi, cha kwanza kimekakamaa na cha pili kimelegea hata kinapinda kidoleni. Chembe nyekundu za damu, ambazo hazina ukuta mgumu kama seli za kiazi, huvimba hadi kupasuka zikiwa katika maji matupu, na hunywea katika chumvi nyingi. Ndiyo maana dripu ya kawaida ya chumvi hupimwa gramu 9 kwa lita.

Utumbo wa mtoto haukwepi kanuni hiyo. Pakiti ya gramu 20.5, ambayo mchanganyiko wake Shirika la Afya Duniani limeupendekeza tangu mwaka 2003, imepimiwa lita moja kamili. Ikikorogwa kikombeni hukolea mara nne, na badala ya maji kuingia mwilini, huvutwa kutoka mwilini kwenda utumboni, kuharisha kukazidi. Chumvi nayo ikizidi katika damu huvuta maji kutoka kwenye seli za ubongo, na mtoto anaweza kupata degedege. Soda, kwa wingi wa sukari yake, huweza vilevile kuongeza kuharisha, na maji matupu peke yake hayarudishi chumvi iliyopotea.

Nawaomba wahudumu wa zahanati na wauza dawa, wanapokabidhi pakiti hiyo, wasiishie kusema “changanya na maji”, bali wamwoneshe mzazi kipimo chenyewe. Mimi na jirani yangu tulitumia chupa mbili za nusu lita, zile za maji ya kunywa ambazo karibu kila nyumba inazo, tukakoroga pakiti mpya katika jagi safi, na nikamweleza kwamba yatakayobaki baada ya saa 24 ayamwage.

Mwalimu wa sekondari,
Morogoro