Mama Baraka, kuna ploti Mwiki

Mama Baraka wangu,

Salamu nyingi kutoka huku, sisi wazima, Neema alimaliza zile dawa za kifua na saa hii analala usiku mzima bila kukohoa, Mungu ni mwema. Najua nimenyamaza tangu Pasaka na si vizuri. Jana nimekupigia mara mbili nikakata kabla hujashika, ju hii kitu nikiisema kwa simu itatoka mbio mbio, wewe utasema sawa tutaongea, halafu iishe hapo. Acha niandike yote.

Kuna ploti Mwiki. Nyumba 8, bedsita 6 na wan bedrumu 2 juu, iko ndani kidogo kutoka stage ya mwisho ya matatu za 17B, njia ya murram lakini gari inafika. Mwenyewe ni shosho mmoja, watoto wake wako nje ya nchi na yeye anataka kurudi Murang'a apumzike. Alianza na milioni 8, sasa ameshuka hadi 6.5. Nimefanya sachi kwa Ardhisasa, ule mtandao wa serikali wa ardhi, taito (hati ya ardhi) iko kwa jina lake na hakuna deni wala kizuizi. Mimi niko na 1.4 yangu, wewe unajua venye niliikusanya.

Sasa nisikilize vizuri hapa kwa hesabu, ju hapa ndipo usingizi umenitoka.

Broka alinikalisha kwa hoteli akaniandikia kwa tishu. Bedsita 6,500 mara 6, zile mbili 11,000 kila moja, jumla 61,000 kwa mwezi. Halafu benki inipe milioni 5.5 kwa 14% miaka 15, hio ni 73,000 kila mwezi. Nikamwambia lakini 61 haifiki 73. Akasema hio ni rahisi, ukishanunua ongeza kila nyumba 1,500. Mara 8 ni 12,000. 61 na 12 ni 73. Ploti inajilipa yenyewe, akanisukumia hio tishu.

Hesabu iko sawa kabisa, na mimi tangu hio siku siwezi kuitoa kwa kichwa. Ju wewe unakumbuka tukiwa wapangaji Zimmerman. Unakumbuka ile karatasi ilisukumwa chini ya mlango, kodi imepanda na 1,000 kuanzia tarehe moja, na ilikuwa tarehe 28. Unakumbuka tulirudi jioni tukapata kufuli ingine juu ya yetu, na sufuria ya maharagwe ilikuwa ndani tangu asubuhi, tukalala kwa Shiro siku nne. Nyumba namba 3 ya hii ploti kuna mama anapika chapati mlangoni, ana watoto wawili, alinipa moja moto akakataa pesa akidhani nimekuja kutafuta nyumba. Sasa mimi ndio niende nimsukumie karatasi? Aki siwezi. Siku moja itabidi kodi ipande, sikatai, vitu vinapanda. Lakini kununua nyumba ukijua kabisa haisimami bila kumkamua yule mama, hapana.

Halafu kuna daftari. Shosho haandiki kitu kwa simu, ana eksasaisi buku imefunikwa na gazeti, kila mwezi ukurasa wake, namba ya nyumba, jina, pesa, na penye mtu hajalipa ama nyumba iko tupu ameweka kistari na kalamu nyekundu. Nilimwomba nikae nayo. Mwaka uliopita, nyumba 8 mara miezi 12 ni nafasi 96, nikahesabu vistari vyekundu 11, vyote vya bedsita. Hio ni 71,500 haikuingia. Kwa hivyo ile 61,000 ya broka ni kama 55,000. Toa ushuru wa KRA wa mapato ya nyumba, 7.5% tangu Januari 2024 (mbeleni ilikuwa 10%), na hio inakatwa kwa pesa yote ya wapangaji imeingia, hakuna kusema nililipa riba ama nilitengeneza choo, inalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Imeenda 4,100. Keyateka 5,000. Eksosta, ile gari ya kunyonya choo, ju huko hakuna sewa, na takataka na stima ya koridoo, weka 4,000. Inabaki kama 42,000.

42 dhidi ya 73. Kila mwezi nitoe 31,000 mfukoni miaka 15, na benki ikipandisha riba katikati napanda nayo. Ukijumlisha narudisha zaidi ya milioni 13 kwa hio 5.5. Na hata hio 5.5 si lazima waitoe, wanatuma mthamini wao na wanakopesha kwa bei yake, si bei ya shosho, halafu wanaitisha ramani iliyopitishwa na kaunti na zile wan bedrumu za juu ziliongezwa baadaye bila. Hapo nilinyamaza kabisa.

Sasa nimefika penye nilikuwa naenda. Tununue wawili, mimi na wewe.

Bei ni 6.5, ushuru wa stempu 4% ni 260,000, weka wakili na vitu vingine, tuseme jumla 6.9. Nusu ni 3.45. Mimi kwa sacco niko na akiba ya 700,000, wanakopesha mara tatu yake, hio ni milioni 2.1, na 1.4 yangu, nimefika. Riba ya sacco yetu unaijua, 1% kwa mwezi kwa deni linalobaki, miaka 6, ni 41,000. Nusu yangu ya kodi 21,000, naongeza 20,000 kutoka kwa mshahara, na nimeangalia peslipu, ile theluthi moja ya mshahara ambayo lazima ibaki bila kukatwa inabaki. Ni ngumu, sikudanganyi, Neema hatabadilisha shule na sisi hatutahama hapa. Lakini ni miaka 6, si 15, na yule mama wa chapati analipa ile ile analipa leo.

Wadhamini nimepata watatu, Mwalimu, Mama Wambo na Achieng wa stoo. Wewe sikuombi unidhamini, ju ukichukua mkopo wako tukadhaminiana, mmoja akianguka anaangusha mwingine.

Kwa taito nataka iandikwe kila mtu nusu yake, ile ya kwamba nikifa leo yangu inaenda kwa Neema na yako kwa Baraka, si aliyebaki achukue yote. Na wakili awe wetu, si wa broka. Huyo broka tayari amejaribu kutubebesha ile 15% ya faida ya kuuza, na hio ni ya muuzaji. Shosho mwenyewe hata hakuwa anajua inaongelewa.

Dipoziti ni 10% tukiweka sahihi, halafu siku 90 za kumaliza. Shosho amesema atanisubiri hadi mwisho wa mwezi, kuna mtu mwingine anazunguka hapo na hesabu ya tishu, na huyo ataongeza hio 1,500 siku ya kwanza.

Ile pesa ya duka najua uliiweka kando na sijawahi kuuliza mambo yake. Kama ina kazi ingine niambie tu, mimi na wewe hatuwezi kukosana kwa ploti. Baba Neema ndiye alisema kama si Mama Baraka basi tuache, na mimi naona hivyo hivyo.

Choo cha namba 6 ukuta umelowa upande wa nyuma, rangi inabanduka ukigusa na kidole. Fundi aliambiwa ni rangi tu. Mimi nadhani ni paipu, na wewe ulisimamia ile nyumba ya Nakuru ikijengwa, ungejua ukiangalia tu.

Sasa uniambie. Sacco yako imefika ngapi saa hii, na ule mkopo wa karo uliisha ama bado? Hio 20,000 kila mwezi miaka 6 unaiweza bila kukosa usingizi? Mzee wako atasemaje? Vistari 11 kwa 96 ni vingi ama ni kawaida, ama mimi naogopa bure? Tukimwonyesha shosho hio paipu tukaomba 6.3 tutakuwa tunamwonea? Na Jumamosi unaweza kupanda gari ya asubuhi nikungoje stage ya Mwiki saa nne, tuingie wote?

Wako,
Mama Neema