Barua ya malalamiko: nimelipia i5-12400, nimefungiwa i5-12400F

Kinyerezi,
Dar es Salaam.

Meneja Mauzo,
Duka la Kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKABIDHIWA KOMPYUTA YENYE VIFAA TOFAUTI NA VILIVYOANDIKWA KWENYE PROFOMA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyewaagiza mnifungie kompyuta ya kuhariria video nyumbani. Kazi yangu ni harusi, sendofu na mahafali. Profoma yenye muhuri wenu inataja prosesa ya Intel Core i5-12400, RAM GB 32 kwa vijiti viwili vya GB 16, diski ya SSD ya NVMe (aina ya kasi zaidi) ya TB 1 na kadi ya picha ya RTX 3060 yenye GB 12. Nililipa shilingi 2,950,000 kwa mkupuo na risiti ya EFD ninayo. Mashine niliyokabidhiwa ina i5-12400F.

Nilipompigia kijana wenu wa mauzo, kwanza alinijibu kwamba hiyo F haina maana yoyote, ni toleo tu. Nilipombana akasema mwenye RTX 3060 hahitaji sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa. La kwanza si kweli. La pili ni kweli kwa anayecheza gemu, na mimi nilimweleza palepale kaunta kwamba nahariri video, tena nikamwonyesha aina ya faili zinazotoka kwenye kamera yangu.

Naomba nieleze kidogo, maana naona hata hapo dukani jambo hili halijakaa sawa. Intel huweka F mwishoni mwa jina la prosesa ambayo haina sehemu ya picha ya ndani inayofanya kazi. Kori sita ni zilezile na kasi ni ileile, ndiyo maana kwa kuiangalia tu huwezi kushtuka. Kinachokosekana ni sehemu iitwayo Quick Sync, inayofungua video zilizobanwa. Kamera yangu ni Canon EOS R6. Ukirekodi kwa Canon Log, yaani namna inayohifadhi vizuri sehemu zenye mwanga mkali na zenye giza, inatoa faili za H.265 (mfumo wa kubana video) za biti 10, rangi 4:2:2, yaani zenye taarifa nyingi za rangi. Faili za namna hiyo kadi za familia ya RTX 30 hazizifungui, hata ukinunua ile kubwa kabisa ya 3090. Nvidia, watengenezaji wa RTX, wameliweka jambo hilo kwenye familia ya RTX 50, iliyoingia sokoni 2025. Lakini i5-12400 isiyo na F, prosesa ya 2022 na ya bei ya kati, inazifungua bila shida. Hicho ndicho kilichonifanya niichague na kuiacha Ryzen, prosesa ya AMD mliyokuwa mkinisifia siku ile.

Sasa nikipanga klipu mbili za 4K kwenye programu ya kuhariri ya Premiere Pro na kubonyeza icheze, sauti ya MC inaendelea huku bwana harusi ameganda mlangoni, mguu mmoja hewani. Feni inavuma. Prosesa inagota asilimia 100, na kadi ya picha, kifaa ghali kuliko vyote humo ndani, imekaa kama mgeni rasmi. Nimechomeka pia waya wa HDMI kwenye mazabodi, skrini ikabaki nyeusi. Jina kamili la prosesa linasomeka ndani ya Windows bila kufungua kasha, kwa hiyo stika yenu ya waranti iko kama mlivyoibandika. Nalisema hili mapema kabla halijageuzwa kuwa sababu.

Fundi wenu alinishauri nitengeneze proksi, yaani nakala nyepesi ya kila klipu. Naijua njia hiyo na inafanya kazi. Ila harusi moja ina mamia ya klipu, na kuzigeuza zote kunakula usiku mzima na diski pia, umeme ukiwa haujakatika. Nilinunua mashine mpya ili niachane na habari hizo. Alipoongeza kwamba ningeweza kuzima Canon Log nirekodi kwa biti 8, nilikata simu. Gauni jeupe chini ya taa za rangi za ukumbini ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika kazi yangu, na bibi harusi hawezi kuharibiwa picha kwa sababu duka liliishiwa prosesa.

SSD nayo siyo. Ni ya umbo la M.2 kweli, lakini ni ya SATA, njia ya zamani ambayo ukomo wake ni kama MB 550 kwa sekunde. NVMe ya kawaida tu huzidi MB 2,000. Kwa umbo zinafanana, kwa bei hazifanani. RAM mmeweka kijiti kimoja cha GB 32, na hapo kumbukumbu inapita njia moja badala ya mbili. Hilo nalitaja kwa sauti ya chini kwa kuwa gigabaiti zimetimia, ila mkishafungua kasha mlirekebishe pia.

Ninaomba mnibadilishie prosesa na SSD ziwe kama profoma inavyosema, bila malipo ya ufundi, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Kama i5-12400 haipo, nipo tayari kupokea i5-12500 kwa bei ileile, kwa kuwa nayo ina Quick Sync. Msilete nyingine yenye F. Mkishindwa, nirudishieni fedha zote nami nirudishe mashine. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Nisipopata jibu la maandishi, nitapeleka nakala ya barua hii Tume ya Ushindani, FCC.

Nimeambatanisha nakala ya profoma, risiti ya EFD, picha za skrini zenye majina ya prosesa na SSD, na video fupi ya klipu zinavyoganda.

Wenu,

Mteja