Wito wa Harambee: Tuwahudumie Wanaokwenda kwa Miguu kwa Ma Ashapura

Wazee wetu, kina mama, kina baba na vijana, Jai Mataji.

Kamati yetu hapa Mombasa inaomba mchango wa shilingi 1,240,000 za Kenya ili tufungue kambi moja ya huduma kwenye barabara itokayo mji wa Bhuj kwenda kijiji cha Mata no Madh, penye hekalu la Ma Ashapura, mungu wetu wa kike, huko Kachi, magharibi mwa India. Kambi itafunguliwa siku chache kabla ya Navratri, sikukuu ya Kihindu ya siku tisa, ya mwezi wa Ashwin, ile inayoangukia Septemba au Oktoba, na itavunjwa watembeao watakapokwisha kupita. Atakayefika atapewa maji, mtindi uliozimuliwa kwa maji na chumvi, khichdi ya mchele na choroko, mkeka wa kujinyoosha, na mtu wa kumwosha miguu na kumfunga malengelenge. Hatatozwa hata senti moja, wala hataulizwa jina la ukoo wake.

Tumeandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Jamaa zetu wametapakaa Mombasa, Unguja, Dar es Salaam, Nairobi hadi Leicester, na wajukuu wengi hawasomi tena Kigujarati. Tena wako majirani zetu wasio Wahindu ambao kila mwaka hutuuliza tunachangia nini hasa. Barua hii ni yao pia.

Ma Ashapura, tunayemwita pia Mataji, ni mungu wa kike anayeitwa na Wakachi mlinzi wa nchi yao nzima. Watawala wa ukoo wa Jadeja, waliotawala Kachi kwa karne nyingi, walimfanya mungu wa nyumba yao, na wafanyabiashara, mabaharia na wakulima nao wakamshika. Hekalu lake kuu liko Mata no Madh, wilaya ndogo ya Lakhpat, karibu kilomita 100 kutoka Bhuj. Mapokeo ya huko yanasema hekalu la kwanza lilijengwa katika karne ya 14 na ndugu wawili wa jamii ya Wavania, Ajo na Anagor. Ila hadithi waliyotusimulia bibi zetu ni ya Devchand, mfanyabiashara wa Marwar aliyekuwa hana mtoto. Aliota Mataji akimwambia amjengee hekalu, aufunge mlango, asiufungue mpaka miezi sita itimie. Devchand akajenga, akafunga, akakaa nje kulinda. Mwezi wa tano ulipokwisha akasikia ndani njuga na nyimbo tamu zisizo za dunia hii, akashindwa kujizuia, akafungua. Akaikuta sura ya Mataji imetokeza nusu tu. Alianguka chini akiomba radhi, naye alisamehewa na akapata mtoto aliyemwomba, lakini ile sura ikabaki vile vile. Ndiyo maana leo mwenye kuingia haoni sanamu iliyochongwa kwa ufundi. Anaona jiwe la futi 6 hivi lililopakwa rangi nyekundu, lenye jozi saba za macho.

Mbele ya macho hayo watu wametembea mamia ya miaka.

Juni 1819 tetemeko kubwa liliipiga Kachi. Ardhi ya Rann, jangwa la chumvi la Kachi, iliinuka ikafanya ukuta mrefu ambao wenyeji waliuita Allah Bund, ngome ya Sindri ikazama majini, na hekalu la Mata no Madh likaanguka. Ndani ya miaka mitano lilikuwa limesimama tena. Waliolisimamisha ni watu wawili wa jamii ya Wabrahmakshatriya, Sundarji Shivji na Mehta Vallabhaji. Sundarji alikuwa mfanyabiashara wa farasi, mtu wa mali na wa safari. Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko jingine likaja, lile la ukubwa wa 7.7 lililoua watu wapatao elfu ishirini. Bhuj ilivunjika, vijiji vizima vikalala, na hekalu likaharibika mara ya pili. Wengi wenu mnaikumbuka asubuhi ile kwa simu zisizopokelewa. Wakachi walioko ng'ambo walichanga, waliobaki wakajenga, na Mataji akarudishiwa paa lake.

Tunayataja haya kwa sababu yanaeleza jinsi hekalu hili linavyoendeshwa. Halijawahi kuwa mikononi mwa mtu mmoja. Kila jamii ina sehemu yake, na kila mmoja anaijua.

Ibada ya kila siku na mali ya hekalu ziko chini ya Kapdi, jumuiya ya watawa wasiooa, ambao mkuu wao huitwa Raja. Zamani walipewa ardhi na watawala ili hekalu lijitegemee, na Raja huyo aliheshimiwa sana na Rao, yaani mtawala wa Kachi. Watawala nao walijiwekea tendo moja tu, lakini ndilo linalongojewa na watu wote: patri. Siku ya nane ya Navratri, mkuu wa ukoo wa watawala husimama mbele ya Mataji akiwa ametandaza nguo mikononi. Juu ya bega la Mataji huwekwa kishada cha majani na maua, ngoma zikapigwa, naye akangoja. Hagusi wala hatikisi. Kishada kinapoanguka chenyewe ndani ya nguo, ndiyo baraka ya Kachi kwa mwaka ule. Mkuu wa ukoo huo, Maharao Pragmalji wa Tatu, alifariki mwaka 2021 bila kuacha mtoto, na swali la nani atasimama pale likafika mahakamani. Mwaka ule ule patri ilipokewa na mjane wake, Maharani Priti Devi, na mabibi wengi wa hapa Mombasa walilia kwa furaha walipoiona picha yake. Sisi kina mama wa kamati hatuoni haya kusema kwamba jambo hilo lilitupa nguvu ya kuandaa harambee hii.

Kisha wako wafanyabiashara, waliojenga walipotakiwa kujenga. Na wako watu wa kawaida, ambao sehemu yao ni barabara.

Barabara ile tuizungumze kwa kirefu, maana ndiko pesa zenu zitakakokwenda. Watu huanza kutoka Bhuj, wengine hutoka mbali zaidi, hata Mumbai, kwa miguu au kwa baiskeli. Si mamia, ni malaki. Kuna mama amebeba mtoto, kuna mzee anayetimiza nadhiri, kuna vijana wanaokimbizana na bendera nyekundu. Hupita Mankuva, Samatra, Deshalpar, hufika Nakhatrana ambako ni kama nusu ya njia, kisha Mathal na Ravapar, ndipo Mata no Madh. Mvua za monsuni zinakuwa zimekwisha na joto limerudi kwa mara ya pili. Pembeni kumejaa mti ule ule ambao watu wa Baringo na Tana River wanaujua kwa jina la mathenge, wenye miiba mikali na kivuli haba. Ndiyo sababu wengi hutembea usiku. Na usiku kuna malori, maana karibu kabisa na Mata no Madh kuna machimbo ya makaa ya lignaiti na barabara ni hiyo hiyo. Mtu aliyechoka, gizani, bila kitu cha kung'aa mgongoni, dereva anamwona akiwa amekwisha kumfikia.

Wenyeji wa Kachi hawakuwaacha wasafiri hawa wajitafutie. Kila mwaka kambi za huduma huota barabara nzima: mahema, masufuria, matangi ya maji, majirani waliofunga maduka yao wiki nzima ili wakakande miguu ya watu wasiowajua. Madaktari huja, vinyozi huja, mafundi baiskeli huja. Hakuna ofisi moja inayoyapanga yote hayo. Kijiji huchukua kipande chake, ukoo huchukua chake, chama cha wenye malori nacho huchukua chake.

Sisi wa upande huu wa bahari hatukuwa na kipande. Jambo hilo limetukaa moyoni. Wazee wetu walipanda majahazi bandarini Mandvi, wakaja na kaskazi na kurudi na kusi, karne kadhaa kabla ya meli za stima. Jairam Shivji wa Mundra alishika ushuru wa forodha Unguja enzi za Seyyid Said. Baadaye, reli ya Uganda ilipojengwa kuanzia 1896, mafundi wa mawe kutoka vijiji vya Bhuj walikuja Mombasa wakajenga nyumba ambazo tunaishi ndani yake mpaka leo. Wengi wa waliovuka waliacha nadhiri kwa Ma Ashapura: nikifika salama, nitakuja kwa miguu. Wengine walipata kurudi na kuitimiza. Wengine wamelala katika ardhi hii au majivu yao yamekwenda na maji ya Bahari Hindi, na nadhiri imebaki kwetu.

Katika kikao cha kamati palikuwa na wazo jingine, kwamba tununue pambo la fedha la kuwekwa hekaluni lenye jina la Wakachi wa Mombasa. Lilijadiliwa kwa heshima, na waliolitoa ni watu tunaowapenda. Lakini hekalu lina wasimamizi wake na lina mapato yake, na fedha ya mlangoni haimnyweshi mtu aliye kilomita ya 70 na unyayo umechubuka. Tukakubaliana sote: barabara kwanza.

Hesabu yenyewe ni hii. Shilingi 640,000 ni za chakula na maji kwa siku zote za kambi. Shilingi 260,000 ni za kukodi mahema, mikeka, jenereta na vyoo vya muda, pamoja na vyoo na bafu za wanawake zenye taa, ambazo tumezisisitiza mno kwa sababu binti akiogopa kwenda chooni usiku hanywi maji mchana. Shilingi 190,000 ni za huduma ya kwanza, dawa za miguu, na mikanda ya kung'aa ya kuvaa begani. Zinazobaki, shilingi 150,000, ni za usafi wakati wa kambi na kuzoa taka baada yake. Vikombe na sahani za plastiki hatutatumia, tutatumia za chuma za kuosha. Hatutaki Mataji aachiwe uchafu kilomita mia.

Mmeuliza, na mna haki ya kuuliza, pesa zitafikaje. Hatumkabidhi mtu bahasha. India ina sheria ya mwaka 2010 inayosimamia michango itokayo nje, na taasisi isiyo na kibali cha serikali hairuhusiwi kupokea. Tangu marekebisho ya 2020 michango hiyo lazima iingie kwanza kwenye akaunti maalumu katika tawi moja la State Bank of India, New Delhi, na anayepokea haruhusiwi kuipitisha kwa taasisi nyingine. Kwa hiyo tumeungana na amana, yaani taasisi ya hisani, iliyosajiliwa Bhuj, yenye kibali hicho, ambayo yenyewe ndiyo itakayoendesha kambi. Amana za umma Gujarat, jimbo iliko Kachi, zipo chini ya sheria ya 1950 na hupeleka hesabu zilizokaguliwa kwa Kamishna wa Amana. Nakala ya hesabu ya kambi yetu tutaisoma mbele ya wachangiaji wote, na atakayetaka kuona stakabadhi za mchele na za dizeli ataziona. Nauli za wanakamati watakaokwenda kuhudumu zitalipwa na wanakamati wenyewe.

Harambee itafanyika Jumamosi ya kwanza ya Septemba, baada ya aarti, ibada ya taa, ya jioni, katika ukumbi wetu wa kawaida. Kadi za mchango zimekwisha kutolewa kwa wakuu wa familia, na namba ya kulipia kwa simu imeandikwa nyuma ya kila kadi. Andika jina lako au jina la marehemu unayemkumbuka, tutayasoma yote. Ahadi tunapokea, ila itimizwe ndani ya siku kumi, kwa kuwa benki huchukua muda wake na mahema lazima yalipiwe mapema. Mwenye vitu badala ya pesa atuletee bandeji, mafuta ya kuchua na taulo mpya ndogo, ambavyo wanaosafiri watavibeba mizigoni. Vyakula visiletwe, vitanunuliwa kule kule kwa wakulima na wenye maduka wa Kachi.

Vijana wenye miaka 18 na zaidi wanaotaka kwenda kuhudumu kambini wajiandikishe kwa katibu kabla ya mwisho wa Julai, wakiwa na pasipoti zao, ili viza zishughulikiwe pamoja. Kina mama watakaopika siku ya harambee tukutane ukumbini Ijumaa yake saa nane mchana, kila mmoja na kisu chake.