Barua ya wazi kwa Mwakilishi wetu: swali lako limejibiwa, shauri la mwanangu limeondolewa

Mheshimiwa Mwakilishi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta na afya njema, wewe na watu wa nyumbani kwako. Mimi ni mama wa Kaskazini Pemba, Wilaya ya Wete, mpiga kura wako. Ulipokuja kuomba kura ulikaa barazani kwetu, ukanywa chai kwa muhogo, na ukaniahidi mbele ya majirani kwamba mlango wako uko wazi. Jina langu sikuliandika hapa, wala jina la shehia yetu. Si kwa woga. Nikijitaja mimi nimemtaja mtoto, na yeye ameshatajwa vya kutosha.

Jumanne iliyopita shauri la udhalilishaji wa mwanangu limeondolewa mahakamani. Tuliitwa ndani, hakimu akasoma karatasi, haikufika dakika tano. Mashahidi wa upande wa mashtaka wameitwa mara nyingi na hawaji, kwa hivyo mahakama haiwezi kuendelea kusubiri. Basi. Mshtakiwa akatoka kwa mlango ule ule tuliotokea sisi. Akatupita pale nje, akatoa salamu kama mtu anayetoka msikitini. Nilikuwa nimemshika mtoto mkono, nikausikia unapoa ndani ya mkono wangu. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, kesho naenda skuli?" Nikamwambia utakwenda. Njia nzima ya kurudi hakusema neno jengine.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo nilikuwa nakusikiliza redioni, Baraza la Wawakilishi limekaa Chukwani na wewe umesimama na swali lako. Uliuliza kwa nini mashauri ya udhalilishaji yanachukua muda mrefu na mengi yanafutwa. Ulisema vizuri, Mheshimiwa, na ulisema kwa uchungu. Niliacha unga kwenye sinia nikamwita jirani aje asikie. Waziri akajibu kwamba Serikali inalichukulia suala hili kwa uzito mkubwa, kwamba sheria zimeimarishwa, kwamba ipo mahakama maalumu ya makosa ya udhalilishaji iliyoanzishwa mwaka 2021, na kwamba upelelezi ni kazi ya Jeshi la Polisi ambalo ni chombo cha Muungano. Ukauliza swali la nyongeza, ukajibiwa yale yale kwa maneno mengine. Ukashukuru, ukakaa.

Hapo ulipokaa ndipo ninapoanzia mimi.

Huyu mtoto ni wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu hajaota meno. Lilipotokea lililotokea ulikuwa msimu wa karafuu, na yeye alikuwa darasa la tano. Unajua mwenyewe msimu ukiingia mambo yanavyokuwa. Wanaume wako juu ya mikarafuu, wanawake tunachambua mpaka usiku, na watoto wa kike wanatoka na vipolo vyao kuokota mpeta, zile karafuu zilizodondoka, chini ya miti wapate pesa ya daftari na viatu. Mashamba ni makubwa, kuna kivuli na hakuna nyumba. Sitaeleza zaidi. Nilimpeleka kituo cha polisi usiku ule ule, tukapewa fomu, tukapelekwa hospitali kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waliodhalilishwa, akapimwa. Nilikatazwa kumkosha kabla ya kupimwa na sikumkosha. Kila nilichoambiwa na Serikali nifanye, nilikifanya kwa tarehe na saa yake.

Sasa yuko kidato cha kwanza. Amekua akisubiri.

Ninalo daftari la skuli la kurasa 40 alilolianzisha yeye mwenyewe baada ya safari ya tatu ya mahakamani. Upande wa kushoto kaandika tarehe, kulia kaandika sababu, kwa ile hati yake ya mduara. Hakimu yuko safari. Jalada halijaletwa. Shahidi daktari hayupo. Mpelelezi amehamishwa. Mwanasheria wa Serikali ana shauri jengine. Shahidi daktari hayupo. Shahidi daktari hayupo. Mara 19, Mheshimiwa. Mwanzo aliandika sentensi nzima. Kuanzia mara ya kumi na mbili anaandika "daktari" peke yake. Hiyo ya Jumanne bado hajaiandika, na mimi sijamwambia aiandike.

Kila safari moja katika hizo 19 ina gharama yake. Mimi ni muuza maandazi na mkate wa kumimina. Siku ya mahakama sikandi unga, kwa hivyo siku hiyo haina kipato na ina nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi. Tunatoka baada ya sala ya alfajiri ili tuwahi gari, tunafika kabla milango haijafunguliwa, tunakaa. Saa nne au saa tano anatoka karani na kututajia tarehe nyengine. Mtoto anakosa skuli, mwalimu anauliza, na mimi kila mara natafuta la kumwambia. Mbuzi wawili nimeuza. Nisingevitaja hivi kama shauri lingefika mwisho, hata mwisho usionipendeza.

Sasa nikwambie la muhali, ile haya ya kumshitaki jamaa, maana hili nyinyi viongozi mnalisema kila mkutano. Kila mwaka katika zile siku 16 za kupinga ukatili, kuanzia tarehe 25 Novemba mpaka tarehe 10 Disemba, mnakuja na vipaza sauti na kutwambia: vunjeni muhali, msizimalize kesi hizi majumbani, msikubali sulhu. Wewe mwenyewe ulisimama uwanja wa mpira wa hapa ukasema kwamba mzazi anayekubali sulhu ni mshirika wa mkosaji. Nilikuwa mstari wa pili na nililibeba neno lako likanipa nguvu, kwa sababu wiki ile ile wazee wa ukoo walikuwa wameshafika kwangu. Walikuja usiku, watu wanne, na polo la mchele, na pesa ndani ya bahasha. Mmoja wao ndiye aliyeniozesha mimi. Walisema tusiaibishane, yule ni damu yetu, mtoto bado mdogo atasahau. Niliwaambia mchele wangu ninao. Mzee akainuka bila ya kunijibu, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu, hata nilipofiwa na mama yangu alituma mtu.

Nimevunja muhali, Mheshimiwa. Nimeuvunja kweli kweli, na umenivunjia ukoo. Harusini sialikwi. Na Jumanne jioni, habari zilipofika kijijini kabla hata sisi hatujashuka garini, mmoja wao alipita mbele ya nyumba yangu na kusema kwa sauti ya kusikika: tulimwambia. Siwezi kumlaumu kwa kusema hivyo. Ndivyo ilivyokuwa, waliniambia. Waliniambia mahakama haitafika popote na haikufika. Kuna mama mmoja jirani yangu, sitasema zaidi ya hapo, ambaye mwezi uliopita amefikwa na jambo kama langu. Yeye hakwenda polisi. Aliniambia uso kwa uso kwamba ananitazama mimi nitafika wapi. Sasa ameshaona, na polo lake la mchele litapokewa. Nikimfikiria yeye, nakosa usingizi kuliko ninapojifikiria mwenyewe.

Kwa nini mashahidi hawakuja? Najua kidogo na mengine nakisia. Daktari aliyempima mtoto alihamishiwa Unguja mwaka wa pili wa shauri hili. Nilisikia kwa watu wa hospitali kwamba hati ya kuitwa mahakamani ilikuwa ikiletwa kule kule alikokuwa zamani, inalazwa mezani, tarehe inapita. Nahisi pia hakuna anayemlipia shahidi nauli ya boti na mahali pa kulala, na mtu mwenye wagonjwa wake hatakuja Pemba kwa mfuko wake kila anapoitwa. Mpelelezi wa kwanza alihamishwa, wa pili hakuwahi kuniuliza hata swali moja. Wako wanaosema pesa imepita. Sina ushahidi wa hilo na sitamsingizia mtu, kwa sababu na mimi nimechoka na watu wanaosema bila ya ushahidi. Lakini kama hakuna pesa iliyopita, basi uzembe peke yake umetosha kufanya kazi ile ile.

Na hili jibu la kwamba Polisi ni jambo la Muungano, naomba lisirudi tena. Ni kweli, sote tunajua. Polisi ni ya Muungano. Mkurugenzi wa Mashtaka ni wa Zanzibar, mahakama ni za Zanzibar, hospitali ni ya Zanzibar, na Chuo cha Mafunzo ambako mkosaji angepelekwa ni cha Zanzibar. Mwanangu ni mmoja. Jimbo hili lina Mwakilishi anayekaa Chukwani na lina Mbunge anayekwenda Dodoma, na wakati wa kampeni mlipanda gari moja mkasimama jukwaa moja. Basi lile la Polisi alilisemee Mbunge, na haya mengine ni yako. Kama hamjakaa pamoja hata mara moja mkaulizana, mimi nafanya nini na swali la nyongeza?

Sisemi kwamba hujui kufuatilia. Nakumbuka vizuri mambo ya masheikh wa Uamsho, watu wetu waliochukuliwa hapa visiwani na kuwekwa mahabusu Bara kwa tuhuma za ugaidi, miaka na miaka, mpaka Juni 2021 mashtaka yalipofutwa. Hukulisema mara moja ukakaa. Ulilisema Barazani, ukalisema mikutanoni, ukalisema misibani, ukijibiwa vibaya unarudi tena na njia nyengine. Tulisimama na wewe, na siku walipotoka hapa kwetu watu walisujudu. Siku ile nilifurahi kusikia mashtaka yamefutwa. Jumanne nimesikia maneno ya namna hiyo hiyo kwenye shauri la mtoto na yamenikata maini. Katika yote mawili hakuna aliyesikilizwa mpaka mwisho, na ndiyo haki yenyewe ninayoikosa: kusikilizwa. Mimi simtaki yule bwana afungwe bila ya kujitetea. Ajitetee, aje na wakili wake, aseme yake mbele ya hakimu, na mtoto asemewe yake kwa vipimo vyake. Akishinda kwa haki nitanyamaza.

Ule ubishi uliokuwa nao kwa masheikh, naomba robo yake kwa mtoto mmoja ambaye hakuna atakayemwandikia bango.

Kijana mmoja msaidizi wa sheria, Mwenyezi Mungu amlipe, amenifahamisha kwamba shauri kuondolewa si sawa na mshtakiwa kuonekana hana hatia. Jalada linaweza kurudishwa mahakamani mashahidi wakipatikana. Daktari yuko hai, yuko Unguja, yuko kazini, ni mtumishi wa Serikali hii hii anayelipwa mshahara kila mwezi. Hawezi kuwa amepotea. Vipimo vipo. Mtoto yupo na anakumbuka, ingawa nilikuwa nikiomba asahau.

Kwa hivyo ombi langu ni hilo. Jalada lirudi. Sikuombi sheria mpya, wala semina, wala uje na waandishi wa habari nyumbani kwangu. Tafadhali usije nao. Nenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ukiwa na namba ya shauri hili mkononi, umuulize jalada liko meza gani na nani anamtafuta daktari. Ukijibiwa kwamba linashughulikiwa, uliza tarehe. Ukipewa tarehe, iandike, na siku ikifika rudi. Sisi tumefanya hivyo mara 19 na hatuna gari wala kinga ya Baraza. Na ukisimama tena Chukwani, kabla ya kumshukuru Waziri, muulize hili moja: mashauri mangapi ya watoto Pemba yameondolewa kwa sababu shahidi ambaye ni mtumishi wa Serikali hakufika? Katiba ya Zanzibar ya 1984 imelipa Baraza haki ya kumuuliza Waziri yeyote juu ya kazi zake. Ukijibiwa kwa maneno matupu, usikae.

Jumamosi ni siku yako ya kupokea watu ofisi ya jimbo. Nitakuja asubuhi, nitakaa kwenye benchi mpaka niitwe, nimezoea kukaa. Namba ya shauri imeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari na nitakuja nalo ulione kwa macho yako. Mtoto sitakuja naye, ana mtihani wiki ijayo na nimemwambia asome.

Jalada lirudi, Mheshimiwa.

Wako katika kusubiri,
Mama yake
Wilaya ya Wete, Pemba