Wakili wa mtu wa Igoma yuko wapi?

Mhariri,

Nilipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia kwenye mashine ya kukatia minofu ya sangara, katika kiwanda kimoja hapa Mwanza. Miezi minne baadaye mume wangu alihamia Ukerewe, akaniachia watoto watatu na kodi ya chumba. Nikawa na mashauri mawili kwa mpigo: fidia ya ulemavu, na talaka pamoja na matunzo ya watoto.

Wakili wa kwanza niliyemwendea mjini alitaka laki nane kabla ya kufungua faili. Mimi siku hizi nauza dagaa kwa sado.

Aliyeniokoa ni msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na hakunitoza hata shilingi. Alinieleza kwamba kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na kwamba talaka hupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa. Wiki tatu nilizolala wodini hakuna aliyenitajia mfuko huo!

Lakini msaidizi huyo haruhusiwi kuniwakilisha mahakamani. Mume alikuja na wakili. Mimi nilisimama peke yangu, karatasi nimezishika kwa mkono wa kushoto, nusu ya maneno siyaelewi.

Nawaomba mawakili wa Mwanza wakae kwenye ofisi za kata japo siku moja kwa mwezi, na visiwani pia wafike. Na tangazo la mfuko libandikwe kila wodi ya majeruhi.

Mama wa watoto watatu,
Igoma, Mwanza