Geji inasema 105, ndege inakwenda 125

Kisumu,
Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu kutoka kando ya ziwa. Natumai baridi ya Nakuru haijakushinda. Barua yako imefika. Unauliza iweje geji ya mwendo ionyeshe noti (maili za baharini kwa saa) 105 njia nzima kutoka hapa hadi Eldoret, ilhali ukipiga hesabu ndege ilikuwa ikikata hewa kwa karibu 125. Geji ni nzima. Shida ni kwamba haipimi mwendo, inapima presha.

Ndani yake mna kikopo cha bati jembamba kinachoweza kutanuka. Mrija wa pito ulio chini ya bawa unaingiza kwenye kikopo hewa inayokumbana na ndege, na tundu la statiki lililo ubavuni linaleta hewa tulivu nje ya kikopo. Tofauti ya presha hizo mbili ndiyo inayosogeza mshale. Nambari za usoni zimepangwa kwa hewa ya usawa wa bahari, nyuzi 15 za Selsiasi, presha ya hektopaskali 1013.25. Hewa hiyo kwetu haipo. Uwanja wa Kisumu wenyewe uko zaidi ya futi 3,700 juu ya bahari, na wa Eldoret unakaribia 7,000. Hewa ya juu ni nyepesi, kwa hiyo ili ndege ipate msukumo uleule kwenye mrija, lazima iende kasi zaidi.

Kupata mwendo halisi, kwanza nyoosha ndege, acha injini na mshale vitulie, ndipo usome. Nambari hiyo ipeleke kwenye jedwali la marekebisho lililo katika kitabu cha ndege, maana mahali tundu la statiki lilipo huleta kosa lake. Katika safari ya kawaida kosa ni noti moja au mbili tu, lakini ukiwa mwendo wa chini na flapu, yaani vibawa vya nyuma ya bawa, zimeshushwa linaweza kuwa kubwa. Kisha weka 1013 kwenye kidirisha cha altimita, ile geji ya kimo, soma kinachoonekana, ndicho kimo cha presha, na urudishe presha ya uwanja hapo hapo. Ukisahau kurudisha, kila hektopaskali moja inakupotosha kama futi 30, na ile milima ya Nandi haisamehi. Mwisho soma joto la nje.

Chukua mfano wako: kimo cha presha futi 9,500, joto nyuzi 12, mwendo uliosahihishwa noti 105. Kwenye kimo hicho presha ni 0.701 ya ile ya baharini. Joto kwa kelvini ni 285.15, nalo la kawaida la baharini ni 288.15. Zidisha 0.701 kwa 288.15, gawanya kwa 285.15, unapata 0.708, yaani hewa ina asilimia 71 tu ya uzito wake wa pwani. Kipeuo chake cha pili ni 0.842. Gawanya 105 kwa hicho: 124.7.

Ile kanuni ya kichwani, kuongeza asilimia mbili kwa kila futi 1,000, inatoa 125. Usidhani ni kanuni sahihi kila mahali. Kwenye hewa ya kawaida, ambayo hapo juu ingekuwa karibu nyuzi 4 chini ya sufuri, jibu ni 121. Inatufaa sisi kwa sababu hewa yetu ina joto. Geji yenye pete ya kuzungusha, au E6B, kile kikokotoo cha mkononi cha marubani, hufanya kazi ileile: linganisha kimo cha presha na joto, kisha soma. Wengi huharibu hapo kwa kuweka kimo cha densiti, yaani kimo cha presha kilichokwisha kurekebishwa kwa joto, badala ya kimo cha presha chenyewe, na joto linahesabiwa mara mbili. Ukikosea joto kwa nyuzi sita, jibu linapotea kwa asilimia moja hivi. Hilo halina uzito.

Kutua ndiko watu wanakochanganyikiwa. Ukija na 65 kwenye geji, Kisumu kukiwa na nyuzi 30 unakwenda 71 halisi. Eldoret kwa nyuzi 24 ni 75. Ardhi inapita kwa kasi na rubani mgeni anashawishika kupunguza. Asiguse! Bawa nalo linahisi presha, kwa hiyo linapoteza nguvu ya kubeba ndege kwenye nambari ileile ya geji popote ulipo. Wala usiongeze: Eldoret siku hiyo tayari unabeba nishati zaidi kwa theluthi kuliko pwani, na breki ndizo zitakazolipa.

Ukitaka kuhakiki, ruka asubuhi kabla mawingu ya ziwa hayajajenga, uuarifu mnara wa kuongoza ndege, ushike dira 360, 090, 180 na 270 kwa kimo na nguvu ileile. Andika mwendo wa GPS kila upande, ujumlishe, ugawe kwa nne. Upepo wa noti 15 utakuzidishia nusu noti tu. Wastani ukiwa mbali na hesabu yako, shuku mrija. Nyigu wanapenda kujenga humo usipofunikwa. Mdomo wa pito ukiziba peke yake, mshale huanguka hadi sufuri. Tundu lake la kutolea maji likiziba pia, mshale hupanda kadiri unavyopaa, kana kwamba ni altimita. Statiki ikiziba, kupaa kunaonyesha pungufu na kushuka kunaonyesha zaidi, na hiyo ya kushuka ndiyo ya hatari. Usipulize mrija kwa mdomo, utaharibu geji. Mwite fundi.

Na kabla hujanijibu, angalia uso wa geji ya hiyo ndege mnayoitumia huko. Baadhi ya za zamani zina duara la maili za kawaida nje na la noti ndani. Kama 105 yako ilikuwa maili, ni noti 91 tu, na hesabu yote hapo juu inaanza upya. Nitumie pia picha ya ukurasa wa marekebisho.

Wasalimu wote nyumbani.

Wako,
J.O.